Msitu wa kuchezea Uholanzi: ni malezi au ni uzembe?

SWALI: Asalaam aleikum dada. Sisi tumetoka Tanga, tuko Almere, Uholanzi, mwaka wa pili sasa. Nina kijana wa miaka saba na binti wa miaka minne. Shule imeleta barua kwamba darasa la kijana litakwenda "speelbos", yaani msitu wa kuchezea, waje na nguo kuukuu, mabuti ya mvua na nguo za kubadilisha. Jumamosi nikaenda kukagua mwenyewe. Hakuna bembea wala mtelezo. Kuna magogo yaliyolala, mtaro wa maji, tope, na watoto wako juu ya miti, wengine peku. Wazazi wao wamekaa kando wanakunywa kahawa. Mume wangu anasema huo ni uzembe, na kwamba hatukuvuka bahari ili tuje kuwarudisha watoto porini. Mimi naogopa kupe, baridi, maji na nyoka, na nawaza nywele za binti yangu ninazozisuka kwa saa nne. Nimruhusu kijana aende? Na nikiwapeleka mwenyewe siku nyingine, mimi nikae wapi?

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu. Naanzia mwisho wa barua yako, pale unapouliza ukae wapi, kwa sababu wazazi wengi hawaulizi hilo. Wapo wanaokaa mbali mno, na wapo wanaomshika mtoto mkono hatua kwa hatua mpaka mchezo unakufa. Nimefanya kazi miaka mingi na watoto wanaobaki kwenye uangalizi baada ya masomo hapa Uholanzi, na Jumatano mchana, siku ambayo shule nyingi hufunga mapema, tulikuwa msituni mvua inyeshe jua liwake. Nilichojifunza ni kwamba kazi kubwa ya mzazi iko kabla ya mchezo na baada ya mchezo. Katikati kazi yako ni kuwepo tu, uonekane, usikike ukiitwa. Isipokuwa penye maji. Penye maji sheria ni nyingine kabisa na nitaieleza kwa ukali.

Kwa hiyo ndiyo, mruhusu aende. Lakini usimruhusu kwa kunyamaza tu huku moyo unakudunda. Nataka ujue pale ni mahali gani.

Mahali ulipopaona si pori lililotelekezwa. Katika misitu ya kawaida ya Uholanzi mtu hana ruhusa ya kutembea anapotaka. Utaona vibao mwanzoni mwa njia: unaruhusiwa kupita kwenye barabara na njia tu, kuanzia jua kuchomoza hadi kuzama. Na penye kibao cha "Verboden toegang", yaani hakuna kuingia, chenye namba 461, hiyo ni ibara ya sheria ya makosa ya jinai, ukiingia unaweza kutozwa faini. Speelbos ni kipande kilichotengwa ili mtoto afanye yale anayokatazwa kwingine: atoke njiani, aburute matawi, achimbe, apande, ajenge kibanda. Vipande hivi viko chini ya Staatsbosbeheer, shirika la serikali la misitu lililoanzishwa mwaka 1899, vingine chini ya chama cha hifadhi cha Natuurmonumenten cha tangu 1905, na vingine ni vya manispaa. Karibu na kwenu, Lelystad, kuna Belevenissenbos. Amsterdam wana Het Woeste Westen kwenye bustani ya Westerpark, katikati ya mji kabisa, na Rotterdam wana Speeldernis.

Yale magogo hayakuanguka yenyewe. Mara nyingi yameletwa na trekta, na kuna mtu aliyesimama akatazama lilale upande gani lisije likabingirika. Nguzo za kupandia mara nyingi ni za mti wa robinia, kwa sababu mbao yake hukaa ardhini miaka mingi bila kuoza na bila kupakwa dawa. Daraja la kamba, au chelezo kile ambacho watoto hukivuta kwa kamba kutoka ng'ambo hii hadi ile, ni vifaa vilivyoundwa, navyo vinabanwa na sheria ya usalama ya vifaa vya kuchezea, na kuna wakaguzi wa serikali. Kiwango kinachofuatwa Ulaya hakiruhusu kifaa cha kuchezea kumwacha mtoto aanguke kutoka zaidi ya mita 3, na chini yake lazima kuwe na kitu cha kupokea anguko, kama mchanga au vipande vya mbao. Mti wa asili na gogo haviingii kwenye sheria hiyo kwa namna ileile, lakini mwenye msitu bado anawajibika kukagua matawi makavu yanayoning'inia juu ya vichwa vya watoto. Kwa hiyo kahawa ile waliyokuwa wakinywa wazazi wenzako imetanguliwa na kazi ya watu wengine ambao wewe hukuwaona.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1943, Denmark ikiwa chini ya Wajerumani, kulifunguliwa uwanja pale Emdrup, pembeni ya Copenhagen, watoto wakapewa mbao, matofali na udongo badala ya bembea. Msanifu wa bustani Carl Theodor Sørensen alikuwa ameona kwamba watoto huviacha viwanja alivyowatengenezea na kukimbilia penye ujenzi na takataka. Wewe umekulia Tanga, huhitaji Mdenmaki akueleze hilo. Lori likimwaga mchanga mtaani kwa ajili ya kujengea, nani alifika kwanza kama si watoto?

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo ilipo faida ya kijana wako. Bembea ina kazi moja. Anayekuja anapanda, anayengoja anangoja zamu. Gogo lenye uzito wa watoto watatu halina zamu. Ukitaka kuvusha mtaro lazima uite wenzako. Nimewaona watoto waliofika Uholanzi wiki chache tu, hawajui neno la Kiholanzi, darasani wamekaa kimya kama wageni msibani. Msituni mtu anashika ncha ya gogo, anamtazama mwenzake, na mwenzake anapaza sauti: "Trekken!" Yaani vuta. Mtoto anavuta. Neno la kwanza limeingia kupitia mikono. La pili huwa "wacht", subiri, kwa sababu kuna aliyekanyagwa. Kabla ya saa moja kuisha kibanda kimesimama na kimepata mlinzi, mpishi na mgonjwa. Nakumbuka kombolela zetu na vyungu vya matope tulivyopikia majani. Wanacheza yaleyale, ila kwa Kiholanzi na kwa koti la mvua.

Pale kwenye kupanda ndipo roho ya mzazi inaporuka, kwa hiyo nisikilize. Ellen Sandseter, mtafiti wa Norway, mwaka 2007 alipanga michezo ya hatari ya watoto katika mafungu sita: kwenda juu, kwenda kasi, kushika vyombo vikali, kucheza karibu na vitu kama maji na moto, kupigana mieleka ya kirafiki, na kupotea kidogo machoni pa wakubwa. Mtoto huyatafuta yote sita, hapa au kule. Wazee wetu walisema mtoto akililia wembe mpe. Wengi huisema methali hiyo kwa hasira, akatwe akome. Mimi naisoma hivi: mpe, lakini wewe ndiye uchague wembe upi. Gogo la urefu wa kiuno chake leo ni wembe unaomtosha.

Kuna kosa moja nililolifanya mwenyewe, nalo sitalisahau. Msichana mmoja alilia kwamba wenzake wako tawini na yeye hawezi. Nikamwonea huruma, nikamnyanyua nikamweka juu. Wenzake walipanda kwa miguu yao, kwa hiyo mwili wao ulijua njia ya kushuka. Yeye hakuijua. Wenzake waliposhuka akabaki peke yake, akaogopa, akaruka, akavunjika kifundo cha mkono. Tangu siku ile sijamnyanyua mtoto kumweka mahali ambapo hakupanda mwenyewe. Akiomba, mwambie: "Ukiweza kupanda, panda. Bado hujaweza, tafuta la chini." Urefu aliofika kwa nguvu zake mara nyingi ndio anaoweza kuurudi.

Na akiwa juu, usimpigie kelele za "utaanguka!" Anageuza shingo kukutazama, na hapo ndipo anapoteleza. Sogea karibu, simama chini yake kidogo upande, umuulize kwa sauti ya kawaida: mguu wako unaofuata utauweka wapi? Swali hilo linamrudisha kwenye mguu wake.

Sasa maji. Uholanzi ni nchi ya mitaro, na maji ya speelbos kwa kawaida ni ya kina kidogo na kingo zake zimelazwa ili mtoto atoke kwa kutambaa. Hilo lisikulaze. Mtoto wa miaka minne huzama kwenye maji yanayomfikia magotini, na hazami kwa kelele kama kwenye filamu. Huzama kimya. Kwa binti yako kanuni ni urefu wa mkono wako: akiwa majini au ukingoni, uweze kumgusa bila kupiga hatua. Hapo hakuna kahawa wala simu. Kanuni hiyo ibaki mpaka apate angalau diploma A ya kuogelea, ile ya kwanza kati ya A, B na C, ambayo mtoto huogelea akiwa na nguo na kupita chini ya maji kwenye tundu la turubai. Kama hujawaandikisha wote wawili, waandikishe, maana foleni inaweza kuwa ndefu. Nchi iliyojaa maji namna hii, kuogelea kwake ni kama kujua kuvuka barabara.

Maji yenyewe wasiyanywe. Mitaro ina mkojo wa panya unaoweza kuleta ugonjwa wa leptospirosisi, na wakati wa joto maji yaliyotuama huota utando wa kijani au wa bluu ambao ni sumu. Ukiuona utando huo, hakuna kuingia siku hiyo. Kidonda kifunikwe kwa plasta isiyopitisha maji, na mikono ioshwe kabla ya kula. Basi, hakuna zaidi.

Kwa safari ya shule, muulize mwalimu mambo matatu: wakubwa watakuwa wangapi, kuna maji, na ni nani hasa atasimama penye maji. Usione haya kuuliza. Mwalimu mzuri atakuwa na jina la mtu wa kukutajia. Kama jibu ni "sote tutaangalia", omba kwa upole apangwe mmoja, au jitolee wewe. Shule nyingi za huku hufurahi kupata mzazi wa kusaidia.

Nyoka waondoe moyoni. Nchi nzima ina aina tatu tu za nyoka wa asili, na mwenye sumu ni mmoja, Waholanzi humwita adder, ambaye hupatikana hasa kwenye nyika za mashariki na kaskazini kama Veluwe na Drenthe. Hata huko hukimbia akisikia miguu. Mimea inahitaji sheria moja tu, nayo ni kwamba hakuna kinachookotwa msituni kikaingia mdomoni. Uyoga hasa, kwa sababu kuna mmoja wa kijani hafifu unaoua mtu mzima.

Kupe ndiye adui wa kweli, na hapa nataka unisome polepole.

Nyumbani tunamjua papasi wa nyumba za udongo na homa yake. Kupe wa huku ni mwingine, lakini kijidudu anachokibeba, Borrelia, ni wa ukoo uleule na wa homa ya papasi. Ugonjwa wake unaitwa Laimu, na Waholanzi huuandika Lyme. Taasisi ya afya ya taifa, RIVM, inakadiria watu huumwa na kupe mara milioni 1.5 kwa mwaka, na watu wapatao 27,000 huugua Laimu. Maana yake kuumwa peke yake si kuugua. Katika kila watu 100 walioumwa, wawili au watatu ndio wanaopata ugonjwa. Msimu ni kuanzia Machi mpaka karibu Novemba. Kupe hawaruki wala hawadondoki kutoka juu ya miti. Hukaa kwenye nyasi ndefu, vichaka na majani makavu, wakamshika apitaye. Yule mchanga anaweza kuwa mdogo kuliko punje ya ufuta.

Kinachookoa ni ukaguzi wa jioni ileile, kwa sababu kupe akiondolewa ndani ya saa 24 hatari hupungua sana. Mvue mtoto nguo zote, umtazame bafuni penye mwanga: nyuma ya masikio, mstari wa nywele, shingoni, kwapani, kitovuni, kwenye kinena, nyuma ya magoti, katikati ya vidole. Usitegemee macho peke yake. Kwenye ngozi yetu kupe mdogo anafanana na kipele au alama ya kuzaliwa, kwa hiyo pitisha vidole. Kitu kilichochomoza ambacho jana hakikuwepo, kitazame tena. Ukimkuta, mshike kwa kibanio cha kupe karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu. Kibanio kinauzwa duka lolote la dawa. Usimpake mafuta, sabuni wala spiriti akiwa bado ameshika, na usimchome moto. Spiriti ni ya baadaye, ya kusafishia kidonda. Kisha andika tarehe na mahali alipouma kwenye kalenda ya jikoni, uendelee kutazama kwa miezi mitatu.

Sasa jambo ambalo karatasi nyingi hazikuelezi vizuri. Picha za ugonjwa huu huonyesha duara jekundu linalokua kwenye ngozi nyeupe. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi duara hilo huenda lisiwe jekundu hata kidogo. Huweza kuwa la kahawia iliyokolea, la zambarau, au kama alama ya kugongwa, na wakati mwingine linaonekana tu ukiinamisha taa pembeni. Ndiyo maana watu weusi mara nyingi hugunduliwa wamechelewa. Ukiona doa linalotanuka siku hadi siku, au mtoto amepata homa na maumivu ya viungo wiki kadhaa baada ya kuumwa, nenda kwa daktari wa familia na umwambie kwa maneno haya: aliumwa na kupe tarehe fulani, hapa, na doa linakua. Mpige picha kila siku ukiweka sarafu kando ya doa, daktari aone linavyokua. Akisema halionekani jekundu, mwambie ngozi ya mwanao haibadiliki hivyo, na umwonyeshe picha. Laimu ikigunduliwa mapema hutibika kwa antibiotiki.

Na nywele. Habari njema ni kwamba twende kilioni ni mtindo mzuri sana kwa msitu. Mistari yake iko wazi, kidole kinapita kila njia kutoka paji la uso hadi kisogoni kwa dakika mbili. Kazi ngumu ni rasta ndefu za kuning'inia, zinanasa vijiti na zinabeba tope. Nakushauri usimsuke zile za saa nne wiki ya msitu. Msuke za kulala kichwani, umfunge kitambaa au kofia inayofunika masikio, usimpake mafuta mengi asubuhi hiyo kwa sababu mchanga hushika. Tope likiingia, liache likauke kabisa kabla ya kuosha. Likikauka linapukutika kwa kupapasa, likilowa linazama kwenye mizizi. Ngozi ya kichwa ni mahali kupe hupapenda kwa watoto, kwa hiyo hata ukichoka vipi, kichwa usikiruke.

Baridi haimpati mtoto anayekimbia kama inavyompata mama aliyesimama. Kosa letu ni jinzi na fulana za pamba. Pamba ikilowa hukaa na maji na kumpoza. Vaa ndani sufu au flisi, juu suti ya mvua, suruali yake ipite juu ya buti si ndani yake. Kichomi huletwa na vijidudu, hakiletwi na upepo wa msituni peke yake. Lakini mtoto aliyelowa na ameacha kukimbia abadilishwe nguo mara moja, na chakula cha moto kwenye chupa ya kuhifadhi joto kina kazi kuliko koti la tatu. Na kwa kuwa nimetaja hali ya hewa: watoto wenye ngozi nyeusi huku wanashauriwa kupata vitamini D mikrogramu 10 kila siku hata baada ya kufikisha miaka minne, kwa sababu jua ni dogo. Muulize daktari kama watoto wako wanahitaji.

Kuna siku za kutokwenda. Upepo ukiwa mkali, taasisi ya hali ya hewa, KNMI, hutoa tahadhari za rangi: njano, rangi ya chungwa, nyekundu. Kwangu mimi hata ya njano ya upepo inatosha kubaki nyumbani na watoto wadogo. Tarehe 5 Julai 2023 dhoruba iliyoitwa Poly ilipita miti ikiwa na majani yote, na majani hushika upepo kama tanga, ikaangusha miti mingi mno. Kwenu Flevoland kuna sababu ya ziada, kwa sababu kuna miti ya mipopla inayokua haraka na kukatika matawi, na ile inayoitwa es inauawa na ugonjwa wa fangasi. Ukiona utepe mwekundu na mweupe umezunguka eneo, usivuke hata kama watoto wengine wamevuka.

Katikati ya Mei mpaka Julai utepe huo unaweza kuwa wa viwavi. Kuna viwavi wa mwaloni wanaotembea kwa msafara, na vinyweleo vyao huwasha kama upupu. Viota vyao ni utando mweupe kwenye shina. Mtoto akiguswa na vinyweleo hivyo, bandika utepe wa gundi kwenye ngozi na uubandue ili uvivute, kisha maji mengi, bila kukuna. Nguo zifuliwe kwa nyuzi 60.

Na kwa kuwa utasikia kazini au kwenye habari, nikutajie mbwa mwitu. Wamerudi Uholanzi, na Julai 2025 mtoto mmoja alishambuliwa kwenye msitu karibu na Austerlitz, mkoa wa Utrecht. Mamlaka ziliwashauri wazazi wasipeleke watoto wadogo kwenye misitu ya eneo lile. Almere si huko, lakini siku mkitoka kwenda Utrecht au Veluwe, soma kwanza matangazo ya mkoa, na huko watoto wasikutoke machoni. Wakimwona mbwa mwitu, wasikimbie. Wakusogelee, mrudi nyuma taratibu mkiwa mmesimama wima na mkipaza sauti.

Imebaki hoja ya shemeji, na naiheshimu, kwa sababu inatoka kwa baba aliyefanya kazi ili watoto wake wawe safi na salama. Mweleze jambo moja kuhusu ardhi anayokanyaga. Mpaka 1932 pale palikuwa ghuba ya bahari iliyoitwa Zuiderzee. Ukajengwa ukuta wa kuzuia bahari, ghuba ikawa ziwa, na mwaka 1968 upande wenu wa Flevoland ukakaushwa. Wakazi wa kwanza wa Almere walihamia 1976. Msitu ule aliouita pori umepandwa na watu juu ya kitanda cha bahari, na ndiyo sababu tope lake linanata hivyo: ni udongo wa mfinyanzi wa chini ya maji. Kijana akichimba na kuokota gamba la chaza, ampelekee baba yake.

Kisha, badala ya kubishana naye, muombe aje nanyi Jumatano moja, na mpe kazi ile kubwa, ya kusimama majini na binti. Wewe kaa kwenye gogo ambalo kutoka hapo unaona njia ya kutokea na unamwona kijana akiinuka. Akikutazama, muinulie mkono. Asipokutazama, kunywa chai yako.

Mabuti nunua makubwa kwa namba moja, soksi ya sufu ipate kuingia.